Njaa Tuliyoiuza

Somanda, Bariadi

Kabula mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu nikifungua mdomo nitakutukana, na sitaki uende Dar es Salaam na matusi yangu masikioni. Unanijua nilivyo. Nikianza sinyamazi, na majirani wameshasikia ya kutosha kutoka ua huu. Umekwenda kuaga wenzako wa kwaya, mimi nimebaki jikoni na kalamu yako. Hata kula sijala.

Mambo ya sanduku, nauli na nani atakupokea stendi tumeshayasema mpaka yametuchosha, humu sitayarudia. Habari za wanaume wa mjini nazo sizigusi, una akili zako. Nataka kusema juu ya ile simu uliyopiga leo uani, ukidhani mimi niko dukani.

Sikuwa dukani. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nikipepeta karanga. Ulikuwa unaongea na mteja wako wa kwanza, yule uliyepewa na hiyo kampuni ya matangazo iliyokuajiri Dar hata kabla hujafika, dada ambaye mama yake anafinyanga vyungu. Ukamwambia, "Mama avue viatu. Kilemba atoe. Acheke kidogo ili lile pengo lake lionekane, halafu ndiyo aanze kulia." Ulisema hivyo kama mtu anayeagiza nyanya. Halafu ukamalizia, "Usiogope dada, kwa mama yangu ilifanya kazi."

Lo, Kabula! Mate yakanijaa mdomoni, nikatema palepale kwenye majivu. Mwanamke mzima, mama wa watu, anapangiwa pengo lake lionyeshwe upande gani! Nikakaa chini na ungo wangu. Na nikuambie mapema, kinyaa kile hakikuwa chako peke yako. Kikubwa kilikuwa changu, maana hayo mambo umejifunzia kwenye uso wangu mimi.

Unajua baba yako alipofariki ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Shangazi yako Mbuke alikuja kutoka Ngulyati na gunia la michembe, viazi vitamu vya shamba lake alivyovikata na kuvianika mwenyewe, akalitua hapo mlangoni, akasema, "Wifi, uza hii, uanze kitu chako." Hakuniuliza nitaiuzia wapi. Nikaenda kukaa karibu na hospitali, na duka letu lilianzia hapo, chini, kwenye mfuko wa saruji uliopasuliwa.

Miaka yote hiyo wateja wangu walikuwa akina mama wenye wagonjwa, na watumishi wazee waliolelewa huku wenye hamu ya vya kwao. Vijana niliwadharau. Walipita na krispi zao na juisi za rangi, wananiuliza, "Mama, haya ni magome ya mti?" Nami nawajibu, "Ndiyo, kamwambie mama yako akuchemshie mti!" Wanaondoka, mimi nafurahi kwamba nimewakomesha. Wale wazee nao wakawa wanapungua, huyu kahamishwa, yule kafa, nikabaki na magunia yangu nalaumu dunia. Sikuwahi kujiuliza kama mtu aliyezaliwa juzi ameonyeshwa na nani michembe inavyopikwa.

Ukarudi kutoka chuo na diploma yako ya masoko. Ukasimama mlangoni pa duka ukatazama, ukasema, "Mama, vijana hawapiti hapa barabarani. Wanapita kwenye simu." Nilikusonya. Lakini ulikuwa sawa, na hilo nalisema bila kinyongo.

Ukaleta mifuko inayong'aa, ukabandika lebo, ukafungua ukurasa. Mwanzoni haikuwa kitu. Ulipiga picha ya michembe kwenye sahani, walioipenda ni wewe, binamu zako, na yule mwalimu wako wa chuo. Ukacheza dansi mbele ya magunia, nikaona aibu nikaingia ndani. Ukalipia tangazo lisambae kwa vijana wa mkoa mzima, wakalipita kama walivyonipita mimi pale barabarani.

Halafu ikaja ile jioni ya laivu. Ulinikalisha mbele ya simu nijibu maswali. Kijana mmoja akaandika kwamba amenunua michembe akaitumbukiza kwenye chai, mbona migumu? Nikasahau kama kuna simu. "Kwenye chai? Wewe umelelewa na nani? Michembe inachemshwa, inatiwa karanga! Cha kunywea chai ni matobolwa, hayo yamepikwa kabla ya kuanikwa! Nenda kamwage huo uchafu wako!" Ukawa unacheka mpaka simu inatikisika. Kesho yake wakaja wanafunzi, kundi zima, wamejipanga mlangoni. Nikauliza wanataka nini. Wakasema, "Mama, tumekuja kufokewa."

Nikawafokea vizuri. Wakanunua, wakarudi. Ikawa kila Jumamosi wanakutumia video za sufuria zao nizikague. Unamkumbuka yule wa Maswa aliyeunguza mpaka sufuria ikatoboka, nikamwambia aoe haraka kabla hajaunguza nyumba? Alikuja mwenyewe na bodaboda kuniletea ile sufuria niione. Wiki zile nilikuwa naamka na hamu ya kufungua duka. Ile ilikuwa kazi yako, Kabula, na hata leo siionei haya.

Ila ilikwenda polepole. Wewe ulikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na tamaa, tuseme tu ilivyo.

Ukanionyesha video ya mzee mmoja, sijui wa mkoa gani, kakaa na machungwa yake, mtoto wake kaandika kwamba baba hajauza tangu asubuhi. Watu wamejaa hapo chini wanalia, wanauliza yuko wapi wakanunue. Ukasema, "Mama, siku hizi vijana hawanunui kitu, wananunua huruma." Mtu mwenye akili zake angekunyang'anya ile simu. Mimi nilicheka. Nikasema, "Haya, huyo mzee hajui kulia, ngoja nimwonyeshe." Hayo ni maneno yangu. Hukunilazimisha.

Nikavaa ile khanga tunayodekia. Ukanipaka kitunguu chini ya macho. Ukapanga mifuko yote mezani ionekane haijanunuliwa hata mmoja, kumbe mingi ilikuwa imeshalipiwa inangoja basi la Mwanza. Ukaandika: Mama yangu tangu asubuhi hajauza, leo tunalala njaa. Ukaweka na wimbo wa huzuni. Tulipomaliza tukala wali na kuku, tukacheka mpaka nikapaliwa, ukanipiga mgongoni.

Hayo yaliyofuata unayajua, lakini sidhani kama uliyaona kama nilivyoyaona mimi kutoka kwenye kile kiti. Simu haikunyamaza. Vijana wakaja kutoka huku na huku, wanaingia dukani wananong'ona kama wameingia kwenye msiba. Msichana mmoja mwembamba, na yeye mwenyewe viatu vyake vimechakaa, aliniwekea noti mkononi, mfuko hakuchukua. Akasema, "Mama, usikate tamaa." Nikaipokea. Nikainamisha kichwa kama mnyonge. Ptuu! Nikimkumbuka yule mtoto natamani kujivua ngozi.

Na wale wa kufokewa hawakutaka tena kufokewa. Nani afokewe na mtu mwenye njaa? Siku moja nilijisahau nikamkaripia mmoja kwa kushika matobolwa na mikono yenye vumbi, akashtuka, nawe ukanikonyeza nijirudi. Nikajirudi. Nikalegeza sauti. Mimi, katika duka langu, nikawa naongea kama mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa.

Haijapita hata wiki, asubuhi, bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka shangazi yako Mbuke. Gunia la michembe, debe la mahindi, na kuku kafungwa miguu. Yeye simu ya picha hana, jirani yake ndiye aliyemwonyesha. Salamu hakutoa. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akanitazama huku na huku kama anatafuta nilipokonda. Ndipo akaanza kulia, na ukali juu yake. "Mama Kabula, mmelala njaa na mimi nipo hai? Watu wa kwenye simu mnawaambia, mimi hamniambii? Kaka yangu angeniuliza, ningemjibu nini?"

Ukatoka ndani, ukapiga magoti, ukamsalimu, "Mwangaluka, shangazi." Kisha ukaniinulia macho, na mimi nikakutazama. Palikuwa pa kusema hapo. Wifi, ule ni mchezo tu. Basi. Angetutukana, na angekuwa na haki, kisha angepakia gunia lake kwenye bodaboda ileile, ambayo ilikuwa bado haijaondoka. Mimi nikashukuru, "Wabeja, wifi." Nikashika gunia upande mmoja, yeye upande wa pili, tukaliingiza ndani.

Na wewe ukatoa simu. Alikuwa anajifuta machozi kwa pindo la khanga, akakuuliza, "Unafanya nini, mwanangu?" Ukamjibu, "Kumbukumbu, shangazi." Jioni akawa mtandaoni, sehemu ya pili, na wimbo uleule. Nilikuona ukiangalia namba zinavyopanda. Mimi nilikuwa nafungua gunia lake.

Maana tusidanganyane, wewe ulimpiga video, mimi nikamuuza. Michembe yake ilikuwa mizuri kuliko yetu, myembamba, mikavu, haina hata chembe ya mchanga. Oda zilikuwa zimetuzidi. Nikaipakia kwenye mifuko yetu yenye lebo, na ikaisha kabla ya Jumapili. Nilijiambia nitamfidia mavuno yakija. Nilijiambia ana ghala huko. Mtu akitaka kujidanganya maneno hayamwishii.

Majuzi alikuja mama mmoja wa Ngulyati, ana mgonjwa hospitali, akanunua karanga. Akaniambia, wala hakuwa na nia mbaya, "Wifi yako nimemwacha anapalilia pamba ya watu apate unga. Akiba yake anasema ilikwenda kwa ndugu waliokuwa na njaa." Nilimfungia karanga zake. Mwanamke wa umri ule, mgongo ule, yuko kwenye shamba la mtu mwingine na jembe, na mimi hapa namtia kwenye mfuko unaong'aa.

Jana nilikudanganya kwamba naenda kutafuta karanga. Nilikwenda kwake. Nilibeba gunia zima la mahindi. Nilimkuta anaosha matope miguuni, ndiyo kwanza karudi kwenye kibarua. Nikamsalimu, "Mwadila, wifi." Akafurahi kuniona, Kabula. Akaanza kutafuta kigoda. Nikasema nitakaa chini, nikamwambia yote. Kitunguu, khanga ya kudekia, wali na kuku. Sikukuacha nyuma na sikukutanguliza mbele, nilisema sisi.

Akamaliza kuosha mguu uliobaki. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mlikuwa mnakula?"

"Tulikuwa tunakula, wifi."

"Na michembe yangu?"

"Niliiuza."

Akalitazama lile gunia. "Na hayo mahindi?"

"Ni yako. Nimekurudishia."

"Unanirudishia nini? Chakula changu nilimpa mtu mwenye njaa. Leo unaniambia mtu huyo hakuwepo. Wewe mimi sikukupa kitu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nikapiga magoti, nikaanza kulia, na nilikuwa nalia kweli, mwanangu. Akaniangalia, akasema, "Inuka. Sasa mimi nitajuaje kama siyo kitunguu?"

Nimemjua wifi yangu tangu nilipoletwa kuolewa, alinishika mkono kwenye uchungu wako wewe, na jana aliyaangalia machozi yangu kama mtu anayekagua noti ya bandia.

Akamwita mwenye bodaboda mwenyewe, wakapakia gunia. Kabla sijapanda akasema jambo moja zaidi. "Hapa vijana wananiita shangazi wa michembe. Wananionyesha kwenye simu nikilia. Nilikuwa naona fahari, nasema ndiyo, ni mimi, nilikwenda kuwaokoa watu wangu. Sasa nikawaambie nini?" Akaingia ndani. Hakunisindikiza hata hatua moja, na watu wote wa njia ile waliniona nikirudi na gunia nililokwenda nalo.

Nilikuwa nimepanga kukuambia haya taratibu, siku nyingine, ukishatulia huko. Nikijidanganya tena. Leo nikakusikia unamvua viatu mama wa watu.

Najua utakachosema. Biashara imekua. Ndiyo, imekua. Wote wanafanya. Wengi wanafanya, na huko unakokwenda watakuambia huo ni ubunifu, watakupigia makofi ofisini. Mimi sina makofi ya kushindana nayo. Nina haya tu niliyokuandikia. Wale vijana hawakuwa wajinga. Walikuja kwa sababu wana moyo, na sisi tukautia mkono kama mtu anayepekua mfuko wa mgonjwa. Na yule mtoto mwenye viatu vichakavu siku moja atapita mbele ya mtu mwenye njaa kweli, aseme ah, ni maigizo.

Sikuzuii kwenda. Kazi hii unaiweza, niliona kwa macho yangu ulivyowaleta vijana kwenye kitu ambacho mimi nilikuwa nawafukuza wasikisogelee. Huyo mama wa vyungu lazima ana jambo lake. Labda na yeye ana mdomo mchafu, labda anajua udongo gani unapasuka motoni na upi haupasuki. Muulize, akuambie, urekodi hiyo. Itakwenda polepole, na bosi wako atakunja uso.

Lakini kwanza hili letu. Leo nimejaribu kuufungua ukurasa mwenyewe nikakwama kwenye neno la siri, unalo wewe. Kwa hiyo nakuomba. Siamrishi, ningekuamrisha ingekuwa tena mimi ninayekupangia la kufanya na uso wako. Ukimaliza kusoma njoo na simu. Wimbo sitaki. Nitasema jina langu, niseme kwamba siku ile tulikuwa tumeshiba, na kwamba yule mwanamke wanayemwona akilia mbele ya gunia alitoa chakula chake chote akidhani sisi tuna njaa, na mimi nikakiuza. Halafu uiweke palepale zilipo zile nyingine mbili, nao wamjue shangazi yako alikuwa nani. Hatatusamehe kwa hilo, wala sitegemei. Ila akiulizwa na vijana wa Ngulyati atakuwa na la kuwaambia.

Wateja watakimbia, acha wakimbie. Na kampuni yako itaiona. Najua, wamekuchukua kwa sababu ya video ile ya kwanza. Ndiyo maana nataka tuirekodi leo, usiingojee Dar. Wakiamua kukuambia usije, simu yao ikukute bado uko kwenu.

Mama yako